Tunakopia, lakini nani anakula hasara?

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa Butembo. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Leo hatukuja kusema juu ya barabara wala juu ya umeme, hata kama mnajua kwamba hayo hatuyasahau. Tumekuja na ulizo moja ambalo lilitushinda kujibu kwa siku nyingi.

Kijana mmoja wa kati yetu anatengeneza mchezo wa simu. Ni mchezo wa mtu wa chukudu: unateremka mlima na mzigo wa viazi, unakwepa mashimo, unakwepa pikipiki, ukianguka viazi vinamwagika na unaanza tena. Anaufanya usiku, umeme ukiwepo, ku mashine ya okazio ambayo alinunua kwa kuweka akiba kidogo kidogo. Umefika karibu na mwisho. Sasa akatuuliza: “Nikiutoa, si batu batatumiana na Xender siku ileile? Mimi nitapata nini? Ao niuache tu?”

Tulinyamaza wote, juu kila mmoja wetu alikuwa na michezo ya kukopia ndani ya simu yake, na yeye alijua.

Tuanze basi kwa kujisema sisi wenyewe. Hapa mjini mtu akitaka mchezo, anaenda pale wanapoingizaka nyimbo na filamu. Anatoa simu ao flashi, anatoa faranga kidogo, dakika kumi amemaliza: mpira, mbio za magari, vita, vyote viko ndani. Aliyeutengeneza mchezo hapati hata faranga moja. Anayepata ni yule aliyeingiza. Na sisi tunarudi nyumbani tukisema tumepata kitu cha bure, kumbe tumelipa. Tumemlipa mtu mwingine tu.

Tulitaka kujua wale wenye kutengeneza michezo wanasema nini juu ya jambo hili. Si wanasheria wao, hapana, wao wenyewe, na hesabu zao. Tulifikiri tutakuta hasira tupu. Tulikuta hasira, ndiyo, lakini tulikuta pia kicheko, na huruma, na akili ya biashara ambayo watu wa Butembo wataielewa haraka kuliko mtu yeyote.

Tuanzie Australia, mwaka 2013. Kuna ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, walikuwa na kampuni ndogo inaitwa Greenheart Games. Walitengeneza mchezo unaoitwa Game Dev Tycoon. Ndani yake mchezaji anakuwa mwenye kampuni ya kutengeneza michezo: anaanzia gereji, anaajiri watu, anauza, anakua. Bei ilikuwa karibu dola 8. Siku ya kuutoa, wao wenyewe wakaweka kopi ya bure pale ambapo watu wanapakuaka vitu vya wizi. Kopi ile ilikuwa sawasawa na ile ya kununua, isipokuwa kitu kimoja. Ukishacheza saa kadhaa, unaanza kuona ujumbe kwamba watu wengi wanachukua michezo ya kampuni yako bila kulipa. Pesa inapungua. Mwisho kampuni yako inafilisika, hata ufanye nini.

Siku ile ya kwanza, watu 214 walikuwa wanacheza kopi waliyonunua. Waliokuwa wanacheza ile ya bure walikuwa 3,104. Ni zaidi ya 93 kwa kila 100. Na cha kuchekesha ni kwamba wamoja kati yao waliandika kulalamika: kwa nini watu wanaiba michezo yangu, nifanyeje, hii si haki. Walikuwa wanaiba mchezo huku wanalia kwamba wanaibiwa ndani ya mchezo.

Mnacheka. Sisi pia tulicheka. Kiisha tukaangalia simu zetu.

Sasa mtu wa hesabu atasema: 3,104 mara dola 8, njo hasara ya siku moja. Hapo ndipo watengenezaji wengine wanasema: ngojeni kwanza. Je, hao 3,104 wote wangelipa kama kopi ya bure isingekuwepo?

Kuna kampuni ya Marekani iliyoitwa Reflexive. Mwaka 2008 walieleza kwamba mchezo wao mmoja, Ricochet Infinity, ulikuwa unachezwa bila kulipa na watu 92 kati ya 100. Walikuwa wanatia kufuli, watu wanaivunja, wanatia nyingine. Kila mara walipofunga njia moja, waliangalia mauzo yamepanda kiasi gani. Hesabu yao ikawa hivi: kwa kila kopi 1,000 za bure walizozuia, walipata mnunuzi mmoja wa zaidi. Mmoja. Wale 999 waliobaki hawakuja dukani. Walienda kutafuta kitu kingine cha bure.

Mwaka uleule watu wawili wa San Francisco, Kyle Gabler na Ron Carmel, walitoa mchezo wao World of Goo bila kufuli hata moja. Walihesabu kwamba karibu wachezaji 8 kati ya 10 hawakulipa. Walisema wazi kwamba kufuli isingebadilisha mengi, na wakarudia mfano huo wa moja kwa elfu. Mchezo wao uliuzwa vizuri, na wao waliishi kwa kazi yao.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilojifunza ni hili: kopi moja si mauzo moja yaliyopotea. Mtu wa Sweden aliyetengeneza Minecraft, Markus Persson, alieleza mwaka 2011 kwa mfano mwepesi: ukiiba gari la mtu, yeye anabaki bila gari, ukikopia mchezo, kunakuwa tu na michezo mingi zaidi duniani. Kwake aliyekopia leo anaweza kuwa mnunuzi wa kesho, na bora mwenye kutengeneza aendelee kuboresha kitu chake mpaka mtu atamani kukinunua.

Lakini si wote walikubali, na wakubwa walijaribu nguvu.

Mwaka 2010 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa mchezo Assassin's Creed II kwa kompyuta na sharti moja: lazima uwe kwenye intaneti wakati wote unapocheza, hata kama unacheza peke yako. Mtandao ukikatika, mchezo unasimama. Fikirieni sharti kama hilo hapa kwetu, kununua mega kwa kucheza mchezo ambao umeshalipia! Mwezi wa Machi seva za kampuni zilishambuliwa na kuzidiwa, na watu waliolipa pesa yao wakashindwa kucheza. Kiisha kufuli yenyewe ikavunjwa. Ikawa mwizi anacheza vizuri, mwenye kulipa anangojea. Mwaka 2012 Ubisoft wakatangaza kwamba wameacha sharti lile.

Wengine walitumia utani. Watu wa Ujerumani waliotengeneza The Settlers III waliweka mtego: ukicheza kopi ya wizi, tanuru ambayo ingepaswa kutoa chuma inatoa nguruwe. Bila chuma huna silaha, bila silaha umekufa. Una nguruwe tu. Utani unachekesha, lakini hauletei mtu mshahara.

Sasa tufike kwenye habari ambayo tunaomba muiweke kichwani, juu inafanana na mji wetu kuliko nyingine zote. Ni habari ya Poland.

Mpaka mwaka 1994, Poland haikuwa na sheria inayolinda programu za kompyuta. Watu walikuwa wanauza michezo ya kukopia sokoni mchana kweupe, meza kwa meza, na hakuna aliyeona haya. Kati ya vijana wa soko lile, mjini Warszawa, kulikuwa na mwanafunzi mmoja, Marcin Iwiński. Yeye mwenyewe aliuza michezo ya kukopia. Tunarudia: aliuza ya kukopia, sawa vijana wetu wa hapa. Mwaka 1994, pamoja na rafiki yake wa shule, Michał Kiciński, akafungua kampuni ya kuuza michezo halali. Wakaiita CD Projekt.

Jirani yao sokoni bado alikuwa anauza kopi kwa bei ndogo. Wangeweza kuita polisi kila asubuhi. Walichagua njia nyingine. Mwaka 1999 walichukua mchezo mkubwa, Baldur's Gate, wakautafsiri wote kwa Kipoland, wakaajiri waigizaji wanaojulikana nchini mwao wasome maneno, wakaweka ndani ya sanduku ramani, kitabu cha maelezo na diski ya muziki. Mwenye kukopia sokoni hakuwa na ramani, hakuwa na kitabu, na kukopia diski zile nyingi kulimgharimu yeye pia. Siku ya kwanza waliuza masanduku 18,000. Na hii ni nchi ambayo kila mtu alikuwa anasema: hapa hakuna anayelipia mchezo.

Lakini msifikiri walikuwa watakatifu. Baadaye wakaanza kutengeneza michezo yao wenyewe, The Witcher. Ya pili ilipotoka mwaka 2011, walikadiria kwamba kopi za bure zilikuwa milioni 4 na nusu, kwa kopi kama milioni moja zilizouzwa. Wakapoteza uvumilivu. Wakakubali wanasheria waandikie watu wa Ujerumani barua za kudai pesa. Wachezaji wakauliza: na kama mmeandikia mtu ambaye hana kosa? Mwezi wa Januari 2012 kampuni ikatangaza kwamba imeacha barua zile, juu imani ya wachezaji kwao ilikuwa na thamani kuliko pesa za barua. Mwaka 2015 wakatoa The Witcher 3, na kwenye duka lao wenyewe la GOG wakaiuza bila kufuli. Ukinunua, ni yako, unaweza kuikopia kama unataka. Mpaka mwaka 2023 mchezo ule ulikuwa umeuzwa kopi zaidi ya milioni 50.

Gabe Newell wa kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, alisema jambo la karibu na hilo mwaka 2011. Kwake kukopia kunatokeaka pale ambapo mwizi anamhudumia mteja vizuri kuliko mwenye mali. Watu walimwambia Urusi ni bure, wote wanaiba. Yeye akaona kwamba wezi wa Urusi walikuwa wanaleta mchezo umeshatafsiriwa Kirusi, wakati makampuni yalichelewa. Walipoanza kuwahudumia Warusi vizuri, Urusi ikawa mojawapo ya masoko yao makubwa ya Ulaya.

Mfanyabiashara yeyote wa Butembo anajua hili bila kusoma. Mteja anaenda pale bidhaa iko, pale bei anaiweza, na pale anapopokelewa vizuri.

Sasa, wandugu, tungependa kumalizia hapo, juu hapo njo panatupendeza. Tungerudi nyumbani tukisema: mnaona, kukopia hakuumizi mtu. Lakini tutakuwa tumedanganya.

Jonatan Söderström wa Sweden alitengeneza Hotline Miami, mchezo uliotoka mwaka 2012. Alipoona watu wanapakua kopi ya wizi yenye kasoro, alienda palepale kwenye The Pirate Bay, akawasaidia waipate iliyotengenezwa vizuri. Alisema hataki watu wakopie, lakini anaelewa, juu yeye pia amejua maisha ya kukosa pesa. Watu wengi wanasimulia habari hii kwa kumsifu, na sisi tunamsifu. Lakini tuisome vizuri. Alisema hataki. Kuelewa njaa ya mtu si kumwambia aendelee kuchukua.

Halafu kuna hesabu. Halmashauri ya Ulaya ililipia uchunguzi uliomalizika mwaka 2015 na kujulikana kwa watu mwaka 2017. Kwa filamu mpya, uchunguzi ule uliona kukopia kunapunguza mauzo. Kwa michezo, haukuona ushahidi wa wazi wa hasara. Wengi wakashangilia. Lakini mwaka 2024 mtafiti William Volckmann alichapisha kazi nyingine, juu ya michezo 86 iliyokuwa na kufuli ya Denuvo. Aliona kwamba kufuli ikivunjwa juma la kwanza, mchezo unapoteza kwa wastani kiasi cha asilimia 20 ya mapato. Ikivunjwa baada ya majuma 12, hasara karibu haionekani.

Haya yote tunayapatanisha namna gani? Moja kwa elfu upande mmoja, asilimia 20 upande mwingine?

Sisi tunaelewa hivi. Kopi haiumizi pale ambapo hakuna aliyekuwa tayari kulipa, ao hakuwa na njia ya kulipa. Kopi inaumiza pale ambapo mteja alikuwa amesimama mlangoni na pesa mkononi, kiisha mtu akamvuta mkono akamwambia: njoo huku, hapa ni bure. Na wateja wa namna hiyo wanakuwaka wengi siku za kwanza, wakati kitu ni kipya na kila mtu anakitaka.

Basi turudi hapa Butembo na hesabu hiyo mkononi.

Kijana anayekopia mchezo wa dola 60 uliotoka Amerika, hana kadi ya benki, hana dola 60, na kupakua mchezo wote kungemla mega za mwezi mzima. Hata ungemfungia njia zote, asingenunua. Hatusemi amefanya vizuri. Sheria ya Kongo inayolinda haki za watunzi iko tangu tarehe 5 Aprili 1986, na sisi tunaotaka wakubwa waheshimu sheria hatuwezi kujitengenezea mlango wa nyuma. Tunasema tu kwamba hasara ya mwenye mchezo kwa kijana huyo ni ndogo sana.

Lakini mchezo wa chukudu ni kitu kingine! Wateja wake ni sisi. Bei yake itakuwa faranga 1,000. Njia ya kulipa iko ndani ya simu zetu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, ao noti mkononi. Hakuna kadi ya benki, hakuna dola, hakuna bahari katikati. Ile sababu tunayotoaka kila mara, “sina namna ya kulipa”, hapa imekufa. Tukikopia mchezo ule, sisi si wale 999. Sisi ni yule mmoja. Yule mmoja aliyekuwa anakuja dukani.

Kuna sababu nyingine tunasikiaka sana, na tuijibu wazi. Banasema: “Banakula koltani yetu bure, sisi pia tukule michezo yao bure.” Tunaielewa hasira hiyo, tunaibeba sisi pia. Ndani ya simu na ndani ya mashine za michezo kuna tantali, na tantali inatoka kwenye koltani, na Rubaya tunaijua. Lakini tuulize: Kyle Gabler na mwenzake, watu wawili, walichukua koltani ya nani? Ndugu wawili wa Australia walipora mlima gani? Deni la koltani linadaiwa kwa wale wanaoinunua bila haki na kwa wale wanaoiuza migongoni mwetu. Ukimwibia mfanyakazi mdogo wa mbali, mkubwa anayekula koltani hapungukiwi kitu. Na ukishazoea, unamwibia na jirani yako.

Wengine banasema: “Kukopia njo kunafanya mtu ajulikane.” Inawezekana. Kuna watengenezaji waliofanya hivyo kwa kupenda. Watu wa tinyBuild walipotoa mchezo wao No Time to Explain mwaka 2011, wao wenyewe walipeleka kopi ya bure kule kwa wezi, na ndani yake watu wote walivaa kofia za maharamia. Lakini ni wao walioamua. Mtu akigawa maharage yake barabarani ili wajirani waonje, ni jambo lake. Wewe ukigawa maharage yake bila kumuuliza, usimwambie unamtangazia biashara.

Na tuangalie Afrika yetu. Kule Yaoundé, nchi ya Cameroun, kijana Olivier Madiba na wenzake walifungua Kiro'o Games mwaka 2013. Waliuza hisa ndogo ndogo kwa watu, mwaka 2015 wakachangiwa karibu euro 50,000 kwa njia ya intaneti, na mwezi wa Aprili 2016 wakatoa Aurion, mchezo mkubwa wenye hadithi ya Kiafrika. Mradi wenyewe ulianzia kwenye wazo la mwaka 2003. Hesabuni: miaka 13 toka wazo mpaka mchezo. Kampuni kubwa ikipoteza asilimia 20 inalia, lakini kesho inafungua mlango. Mtengenezaji wa Afrika aliyengoja miaka 13, akikosa mauzo ya majuma ya kwanza, anaweza kuzima mashine na kwenda kutafuta kazi nyingine. Kiisha tutabaki kulalamika kwamba michezo yote ni ya wazungu na hakuna hata mmoja unaotuonyesha sisi.

Sasa tunafanya nini? Sisi hatupendi kusema tu na kuondoka. Tumekubaliana mambo haya, na tunawaomba mjiunge nasi.

1. Kitu kilichotengenezwa na mtoto wa kwetu, kiwe mchezo, wimbo, filamu ao kitabu, hatukikopii. Tunakilipia hata kama aliyekitengeneza ni rafiki. Hasa kama ni rafiki. Urafiki wa kuomba bure umeua maduka mengi hapa mjini.

2. Kwa vitu vya mbali, mwenye uwezo alipe. Asiye na uwezo asifanye biashara na jasho la mtu. Na kuna michezo mingi ambayo wenyewe wameitoa bure; tuanze na hiyo.

3. Kwa vijana wanaoingiza nyimbo na michezo ku simu: hatukuja kuwafungia meza. Tunajua mnalisha familia. Lakini ninyi njo mnajua wateja wako wapi na wanataka nini, kuliko mtu yeyote. Marcin Iwiński alianza pale mlipo ninyi. Tunawaomba mkubali kuuza mchezo wa chukudu kwa faranga 1,000, sehemu yenu mbakie nayo, sehemu ya mtengenezaji mumtumie kwa simu. Tutaandika makubaliano ku karatasi, kila mtu atie sahihi. Mkikubali, mtakuwa duka la kwanza la michezo ya kwetu.

4. Kwa watengenezaji: msipoteze usiku wenu kutafuta kufuli isiyovunjika. Hakuna aliyeipata. Toeni sehemu ya kwanza ya mchezo bure, watu waonje. Wekeni bei ambayo mwanafunzi anaiweza. Ongezeni kitu kipya kila mara kwa aliyelipa: mlima mpya, mzigo mpya, jina lake ndani ya orodha ya washindi. Wekeni Kiswahili na Kinande. Yule anayekopia atabaki na kitu cha zamani.

5. Kwa serikali: nchi imeshapata sheria ya mambo ya kidijitali, tangu tarehe 13 Machi 2023. Tunadai itumike kwa kuwasaidia watunzi wadogo wajiandikishe kwa urahisi na bila kuzungushwa. Tunakataa kabisa itumike kama sababu ya kupita ku meza za vijana, kukamata simu na kudai kitu kidogo. Mwizi wa faranga 500 asikimbizwe na mwizi wa faranga 5,000.

6. Kwa makampuni ya simu: ada ya kutuma pesa ndogo iwe ndogo kweli. Mtu akilipa faranga 1,000, isikatwe mpaka mtengenezaji abaki na vumbi.

Haya yote ni madogo. Hayahitaji mfadhili, hayahitaji kungoja uchaguzi. Yanahitaji watu mia mbili, mia tatu ndani ya mji huu ambao wataamua kwamba kazi ya mwenzao ina bei.

Na wewe ndugu yetu, uliyetuuliza ulizo lile, umekaa pale nyuma na unaangalia chini kama kawaida yako. Tulichelewa kukujibu, utusamehe. Jibu letu ni hili: utoe. Usiuache. Watakukopia, hatutakudanganya. Wale wawili wa Australia waliona 3,104 kwa 214, na kampuni yao haikufa, juu wale 214 walikuwepo siku ya kwanza. Sisi tunataka kuwa wale 214 wako.

Kwa hiyo, kabla hatujatawanyika, karatasi itapita kati yenu. Anayekubali kulipa faranga 1,000 siku mchezo utakapotoka, aandike jina na namba yake ya simu. Hatuombi pesa leo. Sisi wenyewe tumeshaandika majina yetu juu kabisa. Na jioni hii, kila mmoja akirudi nyumbani, afungue simu yake, aangalie ndani, ajiulize ni kazi ya nani ameibeba mfukoni bila kuilipia.

Karatasi ianzie upande huu.